Siku yangu moja ICU na wagonjwa wa sumu

Saa 1 asubuhi. Mi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Naingia zamu, leo nimepewa vitanda viwili na vyote ni sumu. Cha kwanza kaka mmoja aliletwa juzi na dawa ya kuua wadudu, zile za oganofosfeti, yuko kwenye dripu ya atropini, dawa ya kupambana na hiyo sumu. Cha pili dada amemeza parasetamo nyingi mno, amekaa kitandani anaongea vizuri kabisa anauliza ataruhusiwa lini. Ukipita tu hapo utasema huyu dada hana shida, ila mi ndo ananitia wasiwasi, manake parasetamo siku ya kwanza hata ya pili mtu anaonekana mzima, ini linaharibika kimya kimya na hali inakuwa mbaya zaidi siku ya tatu au ya nne.

Saa 2. Nasikiliza kifua cha kaka. Hii sumu inajaza mapafu majimaji, mtu anazama na maji yake mwenyewe, kwa hiyo atropini tunaipima kwa kifua kiwe kikavu, mapigo yapande juu ya 80 na presha ikae vizuri. Ikizidi nayo balaa, joto linapanda, anaanza kuweweseka, tumbo linanyamaza, mkojo unabana. Kwa hiyo kila muda niko hapo na stetoskopu, kifua, tumbo, kifua tena.

Saa 3. Raundi. Namwambia kaka, inua kichwa kutoka kwenye mto. Anainua vizuri. Daktari anaridhika, mi naandika nitarudia.

Saa 5. Narudia. Kichwa kinatetemeka hakinyanyuki. Kifua kikavu, monita inaonyesha oksijeni nzuri tu, lakini shingo imekataa, na shingo ndo inatangulia kabla misuli ya kupumua haijachoka. Udhaifu huu wa misuli unakuja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, wakati ndugu washaanza kushukuru kwamba amepona. Namwita daktari mbio, hatusubiri oksijeni ishuke, anawekewa mrija, anaingia kwenye mashine ya kupumulia. Kwa kweli hicho kipimo cha shingo hakihitaji kifaa chochote na nesi yeyote anaweza kukifanya, natamani kila wodi wakifanye.

Saa 7. Mama yake yuko mlangoni analia, asubuhi alimwacha anaongea sasa anamkuta kwenye mashine. Nakaa naye nje. Namwambia mama, misuli imechoka, mashine inampumulia mpaka irudi, inaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki lakini wengi wanarudi. Ananiambia walimpa maziwa na kumtapisha kabla ya kumleta. Simgombezi, walikuwa wanajaribu kumwokoa, ila namweleza kwamba kumtapisha mtu kunaweza kupeleka sumu kwenye mapafu na maziwa hayaui sumu, cha maana ni kukimbia hospitali na kopo lake au hata picha ya lebo, maana tukijua jina la sumu hatubahatishi matibabu.

Saa 9. Majibu ya dada yametoka, vimeng'enya vya ini vimepanda na damu inachelewa kuganda, maana yake ini linaumia. Dawa yake, asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu ameze, yeye alifika amechelewa, bado inasaidia kwa hiyo haikatwi. Anauliza, sista, si najisikia vizuri? Namwambia ukweli, mwili haujaonyesha bado, ndo maana hatukuachii.

Saa 11. Daktari wa afya ya akili amekuja kukaa na dada. Navuta pazia nawaachia nafasi. Hakuna mtu hapa anayemuuliza "kwa nini umefanya hivi" kwa sauti ya hukumu, hilo mi nalisimamia kwenye vitanda vyangu, ndugu akianza namtoa nje kwa adabu. Nikirudi kumtoa damu ya vipimo vya jioni ananiambia amekubali dada yake mkubwa aitwe. Nampigia hapo hapo.