Sita kwa kumi

Dada yangu aliyeko Mombasa alipiga hesabu hata sijamaliza kumsomea majibu ya saratani yangu ya tezi dume. "Sita kwa kumi? Si ishapita nusu hiyo!" Nikasikia mwiko ukitupwa kwenye sinia.

Kosa ni langu, nani alinituma kumtajia namba? Anayechungulia vinyama vya tezi dume kwenye hadubini huvipa alama mbili, siku hizi kila moja kuanzia 3 hadi 5, kisha hujumlisha. Kwa hiyo saratani iliyo pole kuliko zote huitwa 6. Sita ndiyo sakafu. Bwana Gleason aliyeanzisha mizani hii nahisi hakuwa na dada kama wangu.

Mimi nilichomwa sindano 12 za kuchukua vinyama. Mbili tu ndizo zilizotoka na kitu, zote 3+3. PSA yangu, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 5.8. Daktari hapa Leicester hakutaja kisu wala mionzi. Alisema tutaichunga: damu kila miezi sita, kidole cha nyuma mara moja kwa mwaka (naam, kile kile), picha ya MRI, na sindano tena ikibidi. Ikianza kubadilika, ndipo tutibu.

"Wamekuona Mwafrika, wamekuacha ufe," dada akasema. Sikumlaumu. Saratani anayoijua yeye ni ya ami yetu, aliyepelekwa hospitali wakati mgongo ushaliwa. Kwake, ugonjwa ukishaonekana hutolewa.

Nikamwambia kuhusu utafiti wa hapa Uingereza: wanaume 1,643, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakachungwa tu. Baada ya miaka 15, katika kila kundi karibu 97 kwa 100 hawakuwa wameuawa na ugonjwa huu. Sikumficha kwamba zaidi ya nusu ya waliochungwa walikuja kutibiwa baadaye. Kuchungwa si kusamehewa. Lakini ile miaka ya katikati wengi wao waliishi bila pampasi za mkojo, na kitandani mambo yao yalikwenda kuliko ya waliopasuliwa.

Jambo moja sikumwambia. Nilimuuliza daktari weusi walikuwa wangapi mle utafitini. Akajibu wachache mno, nasi ndio huupata zaidi. Ndiyo maana sijawahi kukosa miadi hata mmoja.

Damu nyingine ni Alhamisi. Kuendesha baiskeli siku mbili kabla kunaweza kupandisha namba ya PSA, basi leo nimeifunga uani, nikaenda sokoni kwa miguu. Dada kashapiga simu mara mbili kuuliza kama bado ni sita.