Nilivyofaulu kumfuatilia yomani wa Uingereza karne hadi karne

Ninapofundisha kidato cha tano jinsi ukabaila ulivyoupisha ubepari nchini Uingereza, yupo mtu anayejitokeza kila mahali kwa sura tofauti, naye ni yomani: mara mtumishi, mara mpiga upinde, mara mkulima mwenye uwezo, mara askari wa farasi. Maelezo ya kawaida, kwamba alikuwa mkulima huru aliyemiliki shamba lake, hayakunitosha, kwa kuwa wanafunzi walikuwa na swali zito: ikiwa mtu huyu alijitegemea kiasi hicho, alipotelea wapi?

Njia ilifunguka nilipoacha kutafuta maana moja ya kufaa nyakati zote, nikawa nauliza kila kumbukumbu ni nani aliyemwita mtu huyo yomani, lini, na kwa shughuli gani. Nilianzia katika nyumba za wakubwa wa karne ya 14, ambako yomani alikuwa na cheo cha utumishi. Mshairi Chaucer anamwonyesha akifuatana na bwana wake, amevaa kijani, na mishale yake ina manyoya ya tausi. Mfalme Henry VII alipounda kikosi cha walinzi wake mwaka 1485 alikipa jina hilohilo, na kikosi hicho kipo hadi leo.

Shambani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliua sehemu kubwa ya watu, ardhi ikakosa wa kuilima, na wakulima waliosalia wakapata nafasi ya kuunganisha mashamba. Mwaka 1413 sheria iliagiza kwamba hati za mashtaka zitaje hadhi ya mshtakiwa, na tangu hapo makarani wa mahakama wakawa na sababu ya kuandika neno yomani kwa watu waliokuwa chini ya mabwana lakini juu ya wakulima wadogo. Kisha sheria ya mwaka 1429 ikaiwekea kura ya kuchagua wabunge wa kaunti sharti, iwe ya mwenye ardhi huru, yaani anayoimiliki si ya kukodi, yenye pato la shilingi 40 kwa mwaka. Nadhani hapa ndipo sura ya yomani kama mmiliki ilipokita mizizi.

Hata hivyo, kumbukumbu iliyonisaidia kuliko zote ni hotuba ya Hugh Latimer, aliyekuwa askofu zamani, mbele ya Mfalme Edward VI mwaka 1549. Latimer anasema baba yake alikuwa yomani, na papo hapo anasema hakuwa na ardhi yake mwenyewe. Alikodi shamba kwa pauni tatu au nne kwa mwaka, akaajiri watu sita hivi, akawa na malisho ya kondoo 100, na mkewe akakamua ng'ombe 30. Kwa pato hilo alimsomesha mwanawe, akamtumikia mfalme kwa farasi na silaha, akawasaidia maskini. Halafu Latimer anaongeza kwamba anayelikodi sasa analipa pauni 16 au zaidi, wala hawezi kumpa maskini hata kikombe cha kinywaji. Wanafunzi wanapofika hapo huanza kulijibu swali lao wenyewe, kwa maana wanaona kodi ikimwondolea mkulima uwezo uleule uliomfanya aheshimiwe.

Sheria za karne ya 18 za kuzungushia mashamba ua ziliwaumiza wenye maeneo madogo, waliobebeshwa gharama za wapimaji na uzio huku malisho ya pamoja yakitoweka, na wengi wakauza. Lakini sikubaliani na wanaozitwisha sheria hizo lawama yote, kwani Latimer alilia miaka 200 kabla.

Namalizia somo kwa vikosi vya farasi vya kujitolea vilivyoundwa mwaka 1794 kwa hofu ya Wafaransa, vikachukua jina la yomani. Tarehe 16 Agosti 1819 kikosi cha Manchester, ambacho kilikuwa na wenye maduka na wenye viwanda wengi, kiliingia kwa mapanga katika umati uliokusanyika kwa amani. Watu wapatao 18 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Hapo huwataka wanafunzi waifungue tena sheria ya mwaka 1429, kwa sababu umati ule ulikuwa ukidai mageuzi ya Bunge na haki ya kura, na katika kaunti ile sifa ya shilingi 40 ilikuwa bado ndiyo inayoamua nani apige kura.