Keki Yenye Shimo: Siku Nne za Kula Arusha na Moshi

Pakiti ya krispi za muhogo niliyoinunua stendi ya Tanga ilikuwa imelegea, unaweza kuikunja mara mbili. Nilipoitoa mkobani usiku ule, Arusha, ilikuwa imevimba kama puto, pembe zote zimekaza. Hakuna aliyeipuliza. Tanga iko usawa wa bahari, Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Hewa iliyofungiwa ndani ya nailoni kule Pwani ilifika ikakuta nafasi, ikatanuka. Laiti ningeizingatia pakiti ile usiku huohuo, ningeokoa shilingi 35,000.

Njiani sina la kusimulia. Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, kutwa nzima, na viti vya basi vimebanana hata magoti hayana pa kukaa. Nilikuja kula, hasa vitu vya unga: keki, maandazi, vitumbua, half keki.

Wenyeji wangu wa mtaa wa Sakina walikuwa na sherehe ya mtoto Jumamosi, nikasema keki juu yangu. Nikaenda duka moja katikati ya mji, lenye kabati la vioo na taa, nikaagiza keki ya vanila ya kilo moja. Shilingi 35,000. Kwetu kilo hiyo ni 25,000, lakini nilinyamaza, mji wa watalii una bei zake. Ilikuja nzuri kwa macho: nyeupe, mabega yamenyooka, maua ya waridi pembeni.

Kisu kilishuka kwa wepesi nisioupenda. Keki iliyoiva vizuri humpa mkataji upinzani kidogo, kama sifongo. Hii ilikuwa imara ukingoni, halafu kisu kikadidimia. Tulipotoa kipande cha kwanza, katikati palikuwa na krimu tupu, kina cha vidole vitatu, na chini yake tabaka la keki lililoshikana, zito, lenye unyevu kama ugali uliotolewa jikoni kabla ya wakati. Watoto walifurahia krimu. Mimi niliumia, kwa sababu keki ilipimwa na krimu yake, yaani nililipia shimo kwa bei ya kilo.

Asubuhi nilirudi na kipande ndani ya kontena. Kijana wa kaunta akaniambia, "Dada, huo ndio mtindo wetu, ndani tunajaza." Sivyo. Keki inayokusudiwa kujazwa hukatwa matabaka kwa kisu, na tabaka huwa bapa. Hii ilikuwa na bonde lenye miteremko, na sehemu ya chini ya bonde imebanana. Keki ilizama, wakafukia. Hela hazikurudi.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi, na mwokaji wa Arusha anapaswa kuijua kuliko mimi wa Pwani. Beking poda ikipata unyevu na joto hutoa gesi. Mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa, gesi ileile hutanuka zaidi, vipovu vinakua haraka na kuta zake zinakuwa nyembamba. Kabla yai na unga havijakaza, kuta zinapasuka, na keki inaanguka katikati, ambako joto hufika mwisho. Maji nayo huvukizwa upesi, sukari inabaki nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na sukari ikizidi hulegeza keki. Kwa hiyo anayechukua kipimo cha Dar es Salaam au cha kitabu cha ng'ambo akakioka Arusha vilevile, anaoka shimo.

Jumapili tuliirudia kwenye oveni ya mwenyeji wangu. Kipimo changu cha Tanga ni unga gramu 250, siagi 250, sukari 250, mayai matano, beking poda vijiko viwili vya chai. Tulipunguza beking poda ikawa kijiko kimoja na nusu, tukatoa vijiko viwili vya chakula vya sukari, tukaongeza vijiko vitatu vya maziwa, na oveni tukaipandisha kutoka nyuzi 175 hadi 185 ili keki ikaze mapema. Siagi na sukari hatukuvipiga mpaka viwe vyeupe kabisa kama tunavyopenda Pwani, maana hewa unayoipiga ndani nayo itatanuka. Mlango wa oveni haukufunguliwa kwa dakika 30 za kwanza. Ikapanda, ikasimama, kichwa chake kikiwa na mwinuko mdogo. Anayetaka kujaribu aanze kwa kupunguza beking poda peke yake, kati ya sehemu ya nane na robo ya kipimo, kisha agusie sukari. Ukibadilisha yote kwa mkupuo hutajua kipi kilikusaidia.

Basi toka hapo nikawa nakula Arusha kwa jicho jingine.

Karibu na Soko la Kilombero kuna mama anayechoma vitumbua kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Julai ile kulikuwa na baridi ya kuuma vidole, mawingu yameufunika Mlima Meru mpaka kiunoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wa Pwani wewe?" Lafudhi imenisaliti. Nikakubali, wa Tanga. "Basi usiniulize habari ya nazi. Nazi moja huku ni vitumbua kumi." Kitumbua anauza shilingi 200, kwa hiyo hesabu yake ni sahihi: 2,000, kwa kitu ambacho kwetu kinadondoka uani.

Vitumbua vyake vilinishangaza. Rangi ilikuwa ya dhahabu iliyokolea kuliko vyetu, na ndani kulikuwa na uchachu wa mbali, mtamu, ambao sijawahi kuupata Tanga. Nilikaa kwenye benchi lake saa nzima. Kilo moja ya mchele anailoweka saa sita mchana, anaisaga jioni kwa blenda pamoja na konzi ya wali uliopikwa, tui la nazi moja na maziwa ya uvuguvugu badala ya tui la pili. Sukari robo kilo, iliki, hamira kijiko kimoja cha chai tu. Kwetu rojo huumuka ndani ya saa moja na nusu. Yeye analiacha usiku kucha, mbali na jiko, na alfajiri analikuta limejaa ndoo.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Hewa nyepesi ingefanya rojo liumuke haraka kuliko Pwani, ila baridi ya usiku inaifunga hamira breki. Mvutano wa mambo hayo mawili ndio unaoleta ule uchachu: hamira inafanya kazi polepole, ladha inapata muda wa kutengenezeka. Anasema mwezi wa kwanza na wa pili, joto likipanda, anaweka nusu ya hamira na kulisaga saa nne usiku, la sivyo rojo linapanda, linaanguka, na vitumbua vinatoka bapa na vichachu hasa. Na ile rangi inatoka kwenye maziwa, ambayo sukari yake hukimbilia kuungua. Ndiyo maana mkaa anautandaza mwembamba na mafuta anatia nusu kijiko kwa kila shimo la chuma. Anageuza kwa njiti ya mshikaki ukingo ukikauka huku katikati pakiwa bado panang'aa. Ukingoja katikati pakauke, upande wa pili haushikani na wa kwanza, na unapata vifuniko viwili badala ya kitumbua kimoja.

Siku mbili za katikati zilipita kwenye nyama choma na ndizi, na sahani zilizoongezwa bei kwa sababu ya bustani na mito ya viti. Kapuchino moja 7,000. Half keki za Ngarenaro zilikuwa nzuri, zimepasuka vizuri, dalili kwamba mafuta hayakuwa ya moto mno. Loshoro nilikula mara mbili: mahindi yaliyokobolewa, yamechemshwa yakalainika, yakachanganywa na maziwa ya mgando. Mpishi alisema mahindi yanakula mkaa mwingi, na ana haki ya kulalamika. Maji ya Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Utachochea moto upendavyo, sufuria iliyo wazi haivuki hapo. Makande yanayoiva kwetu kwa saa mbili huku yanaomba zaidi, na mwenye haraka atie magadi kidogo au atumie sufuria ya presha.

Chai nayo ni vivyo hivyo. Majani ukiyamwagia maji ndani ya kikombe yanatoka hafifu, ndiyo maana chai nzuri niliyokunywa Arusha ilikuwa ile iliyochemshwa na majani na maziwa ndani ya sufuria. Kahawa ndiyo inayonufaika, kwani hupendelea maji ya nyuzi 90 hadi 96. Arusha birika likichemka tu, mimina.

Moshi, kilomita 80 hivi, niliiweka mwisho. Ukiteremka kwenye kona ya Kwa Sadala unahisi joto linarudi mwilini, mji uko chini ya mita 1,000. Nilinywa kahawa Union Café, mgahawa wa chama cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa 1933, kahawa ya wakulima wa mlima huohuo unaouona ukitoka nje, mawingu yakiruhusu. Mchana nikatafuta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na bakuli la 3,500 lilikuwa ndilo fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote safari nzima.

Mpishi alitumia ndizi za mshare, mbichi kabisa. Ndizi iliyoanza kuiva, hata kama ganda bado la kijani, inaleta utamu na mtori unakuwa kama uji. Alipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya kwa ajili ya utomvu, na kila ndizi ikaingia kwenye maji papo hapo isije ikawa nyeusi. Nyama yenye mifupa ilitangulia jikoni saa moja na nusu, ndizi zikafuata ndani ya mchuzi wake. Kuponda ni ndizi zikiwa za moto bado, kwa mwiko, zikipoa zinashika madonge ambayo hayavunjiki tena. Maziwa na siagi vikaja mwishoni. Wachaga humpa mzazi aliyejifungua mtori, na nilipomaliza bakuli nilijua kwa nini. Nikamkumbuka mama, na uji wa pilipili manga anaowapelekea wazazi wa mtaa wetu Chumbageni, na nikatamani awepo auonje huu.

Asubuhi ya kuondoka nilinywa maji yote stendi ya Arusha, nikakaza kifuniko cha chupa tupu, nikaitia mkobani. Same ilikuwa imeanza kubonyea. Mombo ubavu mmoja umeingia ndani. Muheza, wauza machungwa wakiwa wamelizunguka basi, niliitoa ikiwa imejikunja kama iliyokanyagwa. Nikafungua kifuniko, ikavuta pumzi kwa mlio, ikanyooka.