Nina VVU, na jiko sikuliacha

Mwaka 2010 nilipoambiwa nina virusi, ushauri wa mwanzo kutoka kwa watu wangu ulihusu kazi kuliko afya. Acha jiko. Uza mitumba, lima mboga, fanya chochote, ila usiwapikie watu. Aliyelisema hilo kwa ukali kuliko wote ni shangazi, na alilisema kwa mapenzi. Mimi ni mpishi kwenye kambi za watalii Serengeti. Nilianza kwa kumenya viazi na sasa naongoza jiko, kwa hiyo namwandikia yeyote aliyepewa ushauri kama ule na ameanza kuuamini.

Chakula hakiambukizi VVU. Mpishi akijikata na damu ikadondokea saladi, saladi inamwagwa, iwe damu yangu au ya meneja. Kidonda kinafungwa plasta ya buluu ili ikibanduka ionekane upesi, unavaa glavu, kazi inaendelea. Ndivyo linavyoendeshwa kila jiko linalojiheshimu, na hakuna anayeulizwa kama ana VVU.

Mwaka 2011 shangazi huyohuyo alinikatia nafasi kwenye gari la kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyegawa kikombe cha dawa ya mitishamba akisema kinaponya. Kikombe kilikuwa shilingi 500, nauli ndiyo iliyokausha mifuko ya watu. Nilikwenda kwa heshima yake, nikapanga foleni, nikanywa. Tuliporudi akataka nitupe vidonge vyangu vya VVU. Nikamwambia, "Shangazi, kama nimepona, kipimo kitasema. Mpaka kiseme, nameza." Alinuna wiki nzima. Wapo walioacha dawa baada ya kikombe kile na tukawazika, na hilo linaniuma hadi leo.

Shida ya kambini ni umbali. Unakaa porini wiki kwa wiki kabla ya kupewa mapumziko, na tarehe ya kliniki haifuati ratiba ya wageni. Siku hizi mtu anayeendelea vizuri hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja, na ukikwama mbali unakwenda na kadi yako ya CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, kwenye kituo cha karibu. Wakati ule ilikuwa kila mwezi. Mdogo wangu wa Arusha, aliyeandikishwa kliniki kama msaidizi wangu, ndiye aliyekuwa akinichukulia, kisha anazituma kwa gari la mahitaji lililokuja kambini na mboga na mafuta.

Sasa, gari likifika, stoo kipa anafungua kila kitu na kuandika. Na kopo la dawa lina mlio wake, kila anayemeza anaujua. Mara ya kwanza mdogo wangu alilizungushia kanga na kulitia kwenye mfuko wa nguo. Barabara ya kule ina mawimbi yasiyoisha. Kopo likalia kama kayamba njia nzima. Dereva akanikabidhi mbele ya watu wote: "Dada, umeagiza njugu?" Nikamwambia ni mbegu za mchicha, nataka kupanda nyuma ya jiko. Basi ikabidi nipande mchicha kweli, niliomba mbegu kwa askari mmoja, na tembo wakaumaliza.

Tukakaa chini mimi na mdogo wangu tukatafuta njia. Pamba safi ikajazwa juu ya vidonge mpaka kopo likanyamaza. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu hatukukitoa, na wewe usikitoe. Kopo likafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, likazamishwa katikati ya bati la binzari ya pilau, juu karatasi yenye jina langu. Viungo nilikuwa naagiza kwa hela yangu, nikisema vya stoo havina harufu, na kweli havikuwa nayo, kwa hiyo stoo kipa hakuwa na sababu ya kuvihesabu. Dawa zikafika kavu, kimya. Wageni wakasifu pilau. Mpango ule ulinifikisha salama mpaka nilipoanza kupewa za miezi mitatu, na binzari ya mdogo wangu bado naagiza.

Baadaye nikahamishiwa kidonge kimoja cha usiku chenye efavirenz. Wanaokijua wanakijua: kizunguzungu, na ndoto ndefu zenye rangi kali. Mpishi wa kambi anaamka saa kumi alfajiri ili wageni wale kabla ya kutoka kuangalia wanyama. Nilikuwa nasimama mbele ya mafuta ya moto huku sakafu inaelea. Nesi mmoja mzee ndiye aliyeniuliza swali la maana: unakula nini kabla ya kumeza? Nyama ya kukaanga, mchuzi wa nazi, vya kuonja usiku kucha. Akasema mafuta yanaifanya dawa iingie mwilini kwa wingi kupita kiasi. Nikahamisha mlo wangu ukawa jioni mapema, nikaacha kula vya wageni usiku, nikawa nameza naingia kitandani. Ndani ya wiki chache nikatulia. Tangu 2019 Tanzania ilipoanza kugawa ile yenye dolutegravir, shida hiyo nimeisahau kabisa.

Meneja mmoja mpya alitaka wapishi wote walete majibu ya VVU. Upimaji wa afya wa wanaoshika chakula upo na ni wa haki: choo, kifua, ngozi. Nikapima, nikamletea cheti hicho. Majibu ya VVU sikumpa. Nikampa nakala ya Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008, inayokataza kumlazimisha mtu kupima, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachotaja Ukimwi waziwazi katika mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi. Kabla ya hapo niliwaomba wenzangu wa jikoni tusaini barua pamoja, wenye virusi na wasio navyo, asijulikane nani ni nani. Ofisi ya mjini ilifuta agizo. Ukifukuzwa kwa sababu hiyo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, usingoje kuombwa radhi.

Wingi wa virusi wangu hausomeki kwenye kipimo miaka sasa, na kwa hali hiyo mume wangu hawezi kuambukizwa VVU na mimi. Yeye anajua, mdogo wangu anajua, na mpishi msaidizi anajua, kwa sababu nilitaka awepo mmoja wa kunikumbusha wageni wakizidi.

Wapishi wenzangu tunaosumbuliwa na kiungulia kwa kuonja pilipili: zile dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinaizuia dolutegravir kuingia mwilini. Meza dawa ya VVU masaa mawili kabla ya hiyo ya kiungulia, au masaa sita baada yake, na umwambie nesi wako kwamba unaitumia.