Kamba ya Tanga

Kamba yetu ilikatika mwezi wa tatu, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mechi ikiwa inakaribia kuanza. Mimi sikuwepo, niliiona picha tu kwenye kundi letu la WhatsApp: vipande viwili vyeusi kwa jasho la miaka, vimelazwa juu ya benchi kama maiti ya nyoka.

Asiyecheza raga katika chuo chetu cha Nairobi hawezi kuelewa kwa nini watu wazima, wengine wana wajukuu, waligombana wiki nzima juu ya kamba. Kwetu hakuna mchezaji anayetoka kwenda uwanjani kabla wote kumi na tano hawajaishika na kuivuta pamoja. Wa mwisho kutoka ni yule mgeni kuliko wote kwenye timu, naye hutoka ameshika ncha yake. Maana yake kila nahodha alikuwa na yake. Wa enzi yangu alituambia nyuzi zake ni kumi na tano, kila mtu uzi wake. Nyuzi zilikuwa tatu, na yeyote angeweza kuhesabu, lakini nani angehesabu wakati ule? Nahodha aliyefuata akasema ni kumbukumbu ya mababu waliofungwa minyororo. Siku hiyo tulilia, kisha tukafungwa vibaya.

Sasa wengine wakataka inunuliwe ya nailoni, haiozi. Wazee wa timu wakakataa: ile ilitoka Tanga na Mwalimu aliyeianzisha timu yetu, na Mwalimu yu hai, amestaafu, karudi kwao. Nani yuko karibu na Tanga? Macho yote yakanigeukia mimi wa Likoni, Mombasa.

Basi Jumamosi moja baada ya swala ya alfajiri nikapanda matatu. Nakaa ng'ambo, kwa hiyo feri haikunihusu, na hiyo peke yake ni nusu ya safari. Ukunda, Msambweni, Ramisi, Lunga Lunga. Mpakani nikagonga muhuri, nikabadilisha hela, na upande wa Horohoro nikabanwa kwenye Noah kati ya mama mwenye kuku wawili na kijana aliyelala begani mwangu mpaka tunafika.

Ukikaribia mji, mkonge unaanza kujipanga kando ya barabara, mistari iliyonyooka kama iliyopigwa rula. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche elfu moja, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62, miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha ikaja nailoni, bei ya katani ikaporomoka. Nililifikiria lile kundi letu la WhatsApp nikacheka peke yangu. Mama wa kuku akasogea mbali nami kidogo.

Tanga ni mji wa baiskeli. Nilishuka nikauliza njia ya Ngamiani, ambako barabara hazina majina ya mashujaa, zina nambari tu, ya kwanza, ya pili, hadi huko mbele. Nikauliza kwa Mwalimu wa raga. Hakuna anayemjua. Mzee mmoja kwenye baraza ya kahawa akaniuliza, "Huyo si Injinia wa reli?" Ndiye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Ulikuwa mstari wa mbele wewe, sivyo? Mstari wa mbele hawakondi."

Nilikuwa nimekuja na maswali yameandikwa kwenye karatasi. Hayakuwa na kazi, alikuwa na mpangilio wake. Alianza na mwaka 1967, alipotoka hapa kwenda Nairobi kusomea uhandisi. Siku hizo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja chenye matawi matatu. Sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, na ukitaka uinjinia unafunga sanduku unakwenda Nairobi. Huko ndiko alikoona watu wanagombania mpira wenye umbo la yai. Mchezo ulikuwa bado wa wazungu, na Waafrika waliokuwa wakiingia walitoka zaidi kwenye zile shule za wazungu zilizofunguliwa milango baada ya uhuru. Yeye aliingia kwa sababu ya mwili.

"Nikamwandikia mama nacheza mpira. Sikumwambia ni mpira gani. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba zamani huko Uingereza ndani yake walitia kibofu cha nguruwe." Akashusha sauti, ingawa mama yake amefariki siku nyingi na mipira ni ya raba. "Ningemwambia, asingenipa hata mkono."

Baada ya masomo aliajiriwa reli ya Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na reli ikagawanywa. Akabaki upande ule, akapata kazi ya kufundisha chuoni kwetu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata timu yake ya Mean Machine, na vijana wake darasani wakaanza kumsumbua, na sisi je? Akawaanzishia. Mpira mmoja, jezi za kuazima, uwanja wenye mashimo.

Hapo nikatoa vile vipande viwili kwenye mfuko. Alivipokea kwa mikono miwili, akavigeuza, akakuta fundo la zamani.

"Hii alisokota baba," akasema. "Alikuwa korona."

Korona ndicho kiwanda cha kusindika mkonge, kwa asiyejua. Baba yake alisokota kamba ile kufungia sanduku la bati alilosafiria mwaka 1967. Nikamwambia manahodha wetu wamesema nini juu yake, nyuzi kumi na tano, minyororo, yote. Alisikiliza hadi mwisho, mtu mwenye adabu.

"Mlango," akasema.

"Mlango gani, Mwalimu?"

"Wa kile chumba. Ulikuwa wa bati, bawaba moja imeng'oka, kitasa hakuna. Tukienda kucheza wezi wanachukua suruali. Nikafungua kamba kwenye sanduku, tukawa tunauvuta mpaka ukae, halafu mmoja anafunga. Yule mgeni ndiye aliyefunga, maana alikuwa wa akiba, hana haraka. Watu wanne walitosha kuuvuta, ila hakuna aliyetaka kuonekana mvivu mbele yangu."

Nilinyamaza. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alianza kunibembeleza kwa hadithi ya William Webb Ellis, yule mwanafunzi wa shule ya Rugby anayesemwa alinyakua mpira kwa mikono mwaka 1823 akakimbia nao. Kombe la Dunia la raga lina jina lake. Basi habari hiyo iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1876, Ellis mwenyewe ameshakufa miaka minne, na aliyeiandika hakuwepo uwanjani. "Na kombe wanalibusu," akasema. "Nyinyi shikeni kamba yenu."

Mkewe akaleta chai ya tangawizi na maandazi ya moto. Mwalimu akauliza kama bado tunapanga mistari miwili kuwapigia makofi wapinzani wakitoka uwanjani. Nikasema bado. Na wimbo? Upo, umeongezwa matusi. Na chakula?

"Chakula gani?"

"Cha wageni. Timu inayokuja kwenu inakula kwenu, inakula kwanza, wafungwe wasifungwe. Mwaka ule wa kwanza hatukuwa na hela ya jezi, lakini wageni walikula wali."

Nikamweleza kwamba siku hizi kila timu inajinunulia. Mechi ikiisha watu wanapanda basi. Akaweka kikombe chini na hakusema neno kwa muda mrefu. Kuku wa jirani akapita barazani, akaondoka. Mpaka leo sijui ni ile kamba iliyokatika au ni lile jibu langu lililomuuma zaidi. Vipande alikuwa amevilaza pembeni bila kuviangalia tena.

Alasiri tukasokota mpya. Alinituma dukani nikanunua katani iliyokwisha sokotwa nyembamba, nyeupe kama mvi. Mtoto wa jirani akashika ncha kule mwisho wa uchochoro, mimi nikaizungusha na kijiti kuelekea kulia, Mwalimu katikati akiachia nyuzi tatu zijilaze kushoto kwa kushoto, kidole gumba kikitangulia. Ukilegeza kidogo inajikunja mafundo kama nywele za mtoto asiyetaka kuchanwa. Mara mbili nililegeza, mara mbili tukaanza upya, na mara ya pili mtoto alinisonya. Pima nne. Viganja viliniwasha hadi usiku, na harufu yake, ya majani makavu na chumvi kidogo, ilikuwa ileile ya chumba chetu. Nilikuwa nikidhani ile ni harufu ya jasho letu.

Asubuhi nikaaga. Alinipa kamba imeviringishwa vizuri, na bahasha ndogo nzito. Ndani kulikuwa na kufuli jipya na funguo mbili.

"Mpe nahodha. Mwambie mlango umepata dawa, kwa hiyo muda uliobaki wapike."

Horohoro, ofisa akaniambia nifungue mfuko. Akatoa kamba, akaipima kwa mikono. Akatoa kufuli. Akanitazama.

"Unakwenda kumfunga nani?"

"Ni vifaa vya mpira, afande."

Akaingiza mkono tena mfukoni, hadi chini kabisa, akitafuta mpira.