Kuendesha Lori kwa Mguu Bandia

Nilipokatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, karibu kila aliyekuja kuniona aliniuliza nitakanyagaje klachi. Swali hilo lilikuwa la haki, ila jibu lake lilikuwa rahisi kuliko walivyodhani. Lori lenye gia zinazojibadilisha zenyewe halina pedali ya klachi. Mguu wa kulia peke yake hutosha kwa mafuta na breki, na kwa kuwa breki za malori makubwa hutumia upepo uliobanwa kwenye matangi, dereva hahitaji nguvu nyingi kuzikanyaga. Aliyepoteza mguu wa kulia ana safari ndefu zaidi, kwa sababu humlazimu kufungiwa pedali ya mafuta upande wa kushoto na kujizoeza upya. Mimi kazi yangu ngumu ilikuwa nje ya kabini: kupanda na kushuka, kuunganisha trela, kufunga mzigo na kukagua matairi, wakati mwingine gizani na kwenye tope.

Mwajiri wangu, kwa nia njema, alinitafutia nafasi ya ofisini. Nilimshukuru, kisha nikamwomba kwamba kabla hajaamua anipime kwa vitendo, tena kazi nzima, si kuzunguka uwanjani tu. Nilimweleza kuwa hata Marekani dereva wa lori aliyepoteza mguu anaweza kupewa cheti maalumu baada ya kuthibitisha ustadi wake kwa kuendesha mbele ya mkaguzi. Daktari aliandika ninachoweza na nisichoweza, nami nikaikabidhi karatasi hiyo bila kuficha kitu, kwani dereva anayeficha hali yake huiweka leseni yake hatarini na huwapa watu wa bima sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Kupanda lori nilifundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo kwa kanuni moja fupi: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu bandia hutangulia kushuka. Nashuka nikiwa nimeitazama kabini, mikono yote miwili ikiwa kwenye vishikio, wala siruki kamwe, hata kama anayenisubiri chini ana haraka. Naomba pia ngazi zifutwe mafuta na matope, maana unyayo wa bandia hauhisi utelezi. Mwenye nao hujua ameteleza wakati mwili umeshaanza kwenda.

Hata hivyo, kilichonisumbua zaidi ni kigutu chenyewe, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, na hapa sikupata wa kunieleza mpaka nilipokutana na fundi wa miguu bandia mwenye subira. Kigutu hakibaki na ukubwa uleule kutwa nzima. Ndani ya mguu bandia hunywea kadiri saa zinavyokwenda, kikaanza kuchezacheza na kusuguana, kwa hiyo nabeba soksi za ziada za kuvisha kigutu, ninazoongeza ninaposimama kupumzika. Kikiachwa wazi, huvimba. Ndiyo maana sikubali kishawishi cha kuuvua mguu bandia niwapo kwenye usukani, ingawa mguu wa kushoto hauna kazi pale: likitokea la kunilazimisha kutoka haraka, nitakuwa na kigutu kilichovimba na mguu usioingia. Kwenye joto jasho hulowesha ngozi, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi, basi kila kituo kirefu nakausha, nakagua kwa kioo kidogo, ndipo navaa tena. Kidonda cha ukubwa wa ukucha kinaweza kunizuia kuvaa mguu kwa siku nyingi, na bila mguu hakuna kazi.

Mzigo nao ilibidi niuchague. Niliacha matrela ya wazi, ambayo humtaka dereva apande juu kutandaza turubai na kukaza kamba, nikaomba makontena, ambayo hufungwa kwa kufuli za pembeni zinazofikiwa kutoka chini. Trela naiunganisha mwenyewe, polepole, lakini pale ambapo mkono wa kunyanyulia miguu ya trela, ile inayoiegemeza ikiwa haijaungwa na lori, umekwama kwa kutu, naita mwenzangu. Wapo madereva wanaoona haya kuita. Nadhani wanaona haya bure, kwa sababu hata wenye miguu yote huitana.

Usiku ndipo huja maumivu ya mguu usiokuwepo, kana kwamba vidole vilivyokatwa vimebanwa. Dawa za maumivu ya aina hii nyingi huleta usingizi, kwa hiyo nilikaa na daktari nikiwa na ratiba yangu ya safari mkononi, tukapanga aina, kipimo na saa ya kunywa. Tulikubaliana kwamba dawa mpya huanzwa wakati wa mapumziko pekee, na asubuhi ninayoamka kichwa kikiwa kizito nampigia msimamizi mapema ampangie mwingine safari hiyo.