Jirani, Setilaiti Zilirushwa Malindi Kabla ya Sriharikota

Hapa Hyderabad, kila kombora la Agni likijaribiwa, swali kwenye lifti ni lile lile: "Kwenu Afrika mmewahi kuona roketi?" Mwenye nyumba naye huliuliza, tena siku anayokuja kupandisha kodi. Lifti yenyewe ina ghorofa nne tu, haitoshi kujibu. Wacha nijibu hapa.

Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, ikapaa nyingine iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Wakati huo Sriharikota, kituo cha India cha kurushia roketi, haikuwa imerusha hata fataki. Roketi iliyotumika Malindi ni Scout ya Marekani: ngazi nne, yaani vipande vinavyowaka kwa zamu, zote za fueli yabisi, ile iliyoganda.

Sasa itazame SLV-3, roketi ya kwanza ya India kubeba setilaiti: ngazi nne, zote za fueli yabisi, urefu mita 22 hivi. Abdul Kalam, aliyeiongoza na baadaye akawa rais, alikuwa amepelekwa mafunzoni Marekani mwaka 1963, akafika Wallops, mojawapo ya vituo vilivyokuwa vikirusha Scout. Na ngazi ya kwanza ya SLV-3 ndiyo iliyokuja kuwa ngazi ya kwanza ya Agni. Kwa hiyo jirani, jamaa ya kombora lako tuliiona Malindi ukiwa bado hujaijua.

Ila tusijidanganye. Sisi tulitoa bahari, wao walitoa wahandisi. Kuona roketi ikipaa hakukupi chuma wala gundi. Fueli yabisi humiminwa ndani ya ganda ikiwa nzito kama uji, kisha huachwa igande. Ikibaki na ufa au kiputo, moto huingia humo, eneo linaloungua linapanuka, shinikizo linapanda na ganda linapasuka. Ndiyo maana kila injini hupigwa picha za eksirei kabla ya kuwashwa, kwa sababu ikishawaka haina swichi ya kuzima. Fueli ya kimiminika huweza kuzimwa, lakini inaunguza ngozi, inakula metali, na kuijaza kunachukua muda ambao jeshi halina. Prithvi, kombora la India lililojaribiwa mara ya kwanza Februari 1988, lina dosari hiyo.

Na Wahindi walifeli sana. Miaka ya 1970 walijaribu kulifungua kombora la Kisovieti la kutungulia ndege na kulitengeneza upya. Mradi ukafungwa bila kombora, ila ujuzi wa injini ukahamia kwenye Prithvi. Agosti 1979 SLV-3 ya kwanza iliishia Ghuba ya Bengal, valvu ya mfumo wa kuielekeza ngazi ya pili ilivuja. Satish Dhawan, bosi wa shirika la anga la India, akaketi mbele ya waandishi na kubeba lawama yeye. Julai 1980 ilipofaulu, akamsukuma Kalam mbele aongee. Kwetu bosi angefanya kinyume, na nyote mnajua.

Mpango wa makombora ulipitishwa 1983, makombora matano kwa pamoja. Mwaka 1987 mataifa saba tajiri yakafunga milango ya kuuza vipuri vya aina hiyo. India ikalazimika kujipikia. Hapa hapa Hyderabad kuna kiwanda cha serikali, Midhani, cha vyuma maalumu. Agni ya kwanza iliahirishwa mara mbili ikiwa tayari kwenye mtambo, magazeti yakaicheka, ikapaa 22 Mei 1989. Trishul, moja ya yale makombora matano, ilifia njiani. Agni-5 ilikuja 2012: tani 50, masafa zaidi ya kilomita 5,000. Machi 2024 wakaijaribu ikiwa na vichwa kadhaa, kila kimoja na shabaha yake.

Sipigii makofi silaha. Ninachokionea wivu ni kwamba ujuzi ule ule wa vifaa vyepesi vya kombora uliwapa watoto wenye polio vyuma vya miguu vya gramu 300 badala ya kilo tatu hivi.

Wadogo zangu mnaoniuliza kuhusu "kusomea roketi India": maabara za makombora haziajiri mgeni, hata uwe na alama za juu namna gani. Someni sayansi ya vifaa, uchomeleaji, udhibiti wa mitambo, vinalipa popote. Ombeni ufadhili wa ICCR, baraza la serikali ya India la uhusiano wa kitamaduni, kabla ya kumlipa wakala. Mkifika jisajilini FRRO, ofisi ya kusajili wageni, mapema, viza nyingi za masomo hutoa siku 14. Wala msipige picha mitaa ya Kanchanbagh, hapa Hyderabad, kwenye maabara za makombora. Na walio Tanzania, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina kampasi Zanzibar tangu 2023. Roketi hawafundishi, walianza na sayansi ya data na akili mnemba, lakini hapo hakuna mwenye nyumba wa kukuuliza kama kwenu kuna barabara.